Herufi Kumi na Tisa

Siku ya tatu tangu maiti ya Bwana Idarus kuopolewa katika birika la msikiti wa Siyu, Kariuki, fundi wa kompyuta katika kituo cha polisi cha Lamu, alikuwa angali akitazama takataka.

Ndivyo alivyoziita mwenyewe. Kioo cha kompyuta yake kilijaa vidude mstari hadi mstari: vijisanduku, alama za kuuliza, a zilizovishwa kofia, o zilizopigwa mkwaju katikati. Ungedhani kuku ametia miguu katika wino kisha akapita zake.

"Afande, nimejaribu majedwali arobaini na moja," alisema, akijisugua macho. "Hakuna hata moja linalokubali."

Inspekta Hadil alivuta kiti akakaa. Hakuwa mtu wa kompyuta, wala hakuona haya kuuliza. "Nambie tena. Polepole, kama unayemwambia mwenye homa."

"Kompyuta haijui herufi, inajua nambari tu. Watu walikaa wakapatana: sitini na tano iwe A, sitini na sita iwe B. Mapatano hayo ndiyo jedwali. Siku hizi karibu dunia nzima inatumia moja. Zamani kila mtengenezaji alikuwa na lake."

"Na jedwali la Idarus?"

"Lilikuwa ndani ya mashine yake. Mashine imeliwa na chumvi, imebaki kutu. Walioitengeneza walifunga duka mimi sijazaliwa. Kibodi labda ingetuokoa, maana wanasema alibandika vikaratasi vya herufi juu ya vitufe. Na kibodi ndiyo hiyo imeibwa."

Neno hilo la kibodi lilimkaa Hadil kooni kama mwiba wa samaki tangu siku ya kwanza. Chumbani mwa marehemu palikuwa na redio nzima, saa ya ukutani, na feni mpya bado imo katika sanduku lake. Mwizi gani huyo aliyeacha vyote akabeba kibodi ya miaka thelathini?

Disketi yenye maandishi hayo ilikuwa imepona kwa sababu ya mahali ilipowekwa. Mfuko wa msahafu ulitundikwa msumarini juu ya kitanda. Asiye na udhu hatii mkono humo, na mwenye udhu hana la kupekua. Hadil alitawadha kwanza, ndipo akautungua. Ndani, nyuma ya juzuu, akakuta kipande cha plastiki cheusi kimefungwa kitambaa kama mtoto.

Sasa ilikuwa saa nne ya asubuhi, na kesho saa tatu Zaki angepandishwa mahakamani kwa kuua.

Zaki, kijana wa miaka ishirini na saba, alikuwa mjukuu wa dadake marehemu. Watu watatu walimsikia jioni ile mlangoni pa msikiti akimpigia mzee kelele: "Utanambia au hutanambia?" Na alfajiri yake yeye ndiye aliyekutwa birikani, nguo chapachapa, amekishika kichwa cha mzee. Alisema aliingia kumtoa. Alisema pia kwamba mzee alikuwa amemuahidi kumwambia habari za babake, Yunusi, aliyeondoka kwenda Uarabuni kabla yeye hajazaliwa, asirudi wala asiandike. Mkuu wa kituo aliyasikia yote hayo, akaguna, akaanza kujaza karatasi.

Hadil alikuwa ameliona jeraha. Nyuma ya sikio la kulia, tundu la mviringo, kadiri ya shilingi. Aliyepiga alipiga mara moja, na alijua pa kupiga. Zaki alikuwa mtu wa kurusha mikono ovyo.

"Alikuwa akiandika nini huyu mzee?" Kariuki aliuliza.

"Siyu nzima inasema utenzi. Miaka thelathini aliwaambia anatunga utenzi."

"Na yule Ustadhi Abubakr tuliyemwonyesha jana alisema ni hirizi ya kompyuta."

"Ustadhi akiona asichokijua hukiita hirizi." Hadil alisogea karibu na kioo. "Wacha majedwali. Nionyeshe kinachojirudia."

Kariuki aliteremsha mistari. "Iko mia tatu na kumi na mbili, na kila mstari ni mrefu, unapita nje ya kioo. Mwanzo kuna kitu kinachojirudia, na mwisho kingine. Kila mstari unaishia na kitu kilekile. Nilidhani ni alama ya mashine ya kufunga mstari."

"Hicho cha mwisho kina nambari ngapi?"

"Kumi na tisa, ukitoa nafasi. Zimegawika mafungu. La sita, la sita, la nne, la tatu."

Kidole gumba cha Hadil kikaanza kupanda na kushuka juu ya pingili za vidole, kama mtu anayevuta uradi. Akahesabu mara moja. Akahesabu tena.

"Kariuki. Mtu wa Siyu akikaa kuandika jambo lolote, iwe barua, iwe dawa ya mafua, huanza na nini?"

"Tarehe?"

"Kwenu." Alichukua kalamu akaandika kwenye karatasi, kutoka kulia. "Bismi, herufi tatu. Jina la Mwenyezi Mungu, nne. Ar-Rahmani, sita. Ar-Rahimi, sita. Tatu, nne, sita, sita. Jumla yake kumi na tisa."

"Lakini yetu ni sita, sita, nne, tatu. Na iko mwisho."

"Mwisho kwako wewe unayesoma kutoka kushoto. Mashine ile iliweka herufi kama zilivyokaa kwenye kioo, basi kwako zimekuja kinyumenyume. Tujaribu. Haya mafungu mawili ya sita, kama nasema kweli, yatafanana nambari nne za kuliani, na mbili zilizobaki zitaachana."

Kariuki alipiga vitufe. Akaegama nyuma. Akasema neno la kwao ambalo Hadil hakulijua, ila alilielewa.

"Zinafanana, Afande. Nne kwa nne."

"Basi tumepata alif, lamu, ra, ha, mimu, nuni, ya, he, ba na sini. Kumi kati ya ishirini na nane. Pindua mistari yote, utie hizo kumi mahali pake, na tusizozijua uweke nukta."

Kazi hiyo haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Mistari iligeuka, na mahali pa vidude pakaja herufi, zimejaa mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Hadil aliuanza mstari wa kwanza, bismillahi yake safi. Katikati palikuwa nukta tupu. Akaenda mwisho wake.

Alif, nuni, alif. Lamu, lamu, he. Nukta, alif, nuni, alif. Alif, lamu, ya, he.

Midomo yake ilitangulia kuyasema kabla akili haijafika. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Akatazama mstari wa pili. Mwisho wake ni huohuo. Wa tatu. Wa hamsini. Wa mia tatu na kumi na mbili.

"Huu si utenzi," alisema. "Bwana Idarus alikuwa mwosha maiti. Hawa ni watu aliowaosha."

Kariuki aliondoa mkono wake juu ya meza, kana kwamba kompyuta imekuwa jeneza.

Hadil naye alikuwa amekwisha kulichukua daftari lake, anarudisha kurasa nyuma. Siku ya kwanza, Siyu, aliwaandika watu kumi na mmoja. Wote walipoulizwa kuhusu mashine walisema utenzi. Wote ila mmoja. Bwana Muhdhar, mwenye mashua ya injini na mashamba ya minazi, mtu wa safu ya mbele msikitini, alisema kwa upole sana: "Iwacheni mashine hiyo, Inspekta. Waliozikwa wamezikwa, hata wakiandikwa." Hadil aliyaandika maneno yale neno kwa neno akayapita, akidhani ni hekima ya mazishini.

"Nani alimwambia kuwa wameandikwa?" aliuliza, na Kariuki hakujua anaulizwa nini.

Maneno hayo ya msiba, istirjai, yalikuwa yamewapa herufi tatu zaidi, wau, jimu na aini. Kumi na tatu. Lakini katikati ya mistari palikataa katakata. Hadil alikuwa amesoma chuo cha Kurani, na msahafu alikuwa akiuhitimu kila Ramadhani, lakini msahafu una irabu zake. Haya yalikuwa mifupa bila nyama. Tena hayakuwa Kiarabu.

"Ni Kiswahili," alisema. "Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu. Irabu hutiwa na msomaji kwa kichwa chake."

"Basi hapo mimi nilipotea mapema," Kariuki alisema. "Niliiambia kompyuta itafute, kwa kila jedwali, maneno ya Kiswahili. Nchi, njia, kichwa, maji. Haikupata hata moja."

"Haingepata. Twahitaji mtu aliyejifunza ubao mmoja na marehemu." Aliinuka akaenda dirishani. "Naye yuko uani hapo, amemletea mjukuu wake chakula."

Bi Mwanamkisi alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, buibui limetota chumvi ya safari, kikapu cha mikate ya mofa iliyobaki mapajani. Ndiye dada wa marehemu na ndiye bibi wa mshitakiwa. Msiba wake mmoja ulikuwa udongoni na mwingine nyuma ya mlango wa chuma. Kando yake, kanzu nyeupe, bakora mikononi, alikaa Bwana Muhdhar. Ndiye aliyemvusha kwa mashua yake asubuhi ile, bila nauli, kwa ujirani.

"Bi Mwanamkisi, nakuomba ndani kidogo," Hadil alisema mlangoni. "Peke yako."

"Mwende polepole naye, Inspekta," Muhdhar alisema, akikipokea kikapu. "Ni mtu wa huzuni."

Bibi aliingia, akaangalia waya zilizotapakaa sakafuni kama anayekanyaga uwanja wa kuku. Kariuki alimpisha kiti. "Karibu, shosho."

"Shosho ni nani?"

"Ni nyanya. Kwetu ndivyo tunavyomheshimu."

"Nyanya hutiwa mtuzini, mwanangu. Mimi ni Bi Mwanamkisi." Akakaa. "Zaki amekula? Mumempa ndara zake? Asikanyage simiti ile na miguu mitupu. Ni kama babake. Yunusi ndara ya kushoto haikuwa ikimkaa hata siku moya. Haya, mwanitakiani?"

Hadil alimweleza kwa maneno machache. Nduguyo aliacha maandishi. Yatasomwa na mtu mmoja tu Lamu nzima. Huenda yakamtoa Zaki, huenda yasimtoe; siwezi kukuahidi.

"Idarusi alikuwa na mwandiko mbaya," bibi alisema. "Baba alikuwa akimchapa. Mimi nilikuwa nikimuandikia ubao wake kwa siri, yeye akinipa sukari guru. Sogeza hicho kioo, mato yangu si ya jana."

Walianza na mstari wa kwanza, na kwa muda wa saa nzima ikawa kazi ya shamba, jembe baada ya jembe. Bibi alikuwa akiyavumisha maneno puani, anajaribu irabu hii, anajaribu ile, mpaka neno linakaa. Kila lilipokaa, nukta moja iliondoka, na Kariuki alipoitia herufi ile kwenye mistari yote, nyingine mia zilifunguka kwa pamoja.

"Hapa pana nuni na nambari ishirini na moja," Kariuki alisema. Bibi alikuwa ameshamtajia ile ya pili kuwa ni ta. "N na T. Hakuna neno la Kiswahili hivyo."

"Hakuna?" Bi Mwanamkisi alimgeukia. "Na hiyo unayoikanyaga ni nini?"

"Sakafu?"

"Nti! Nti, mwana wa bara. Nyinyi mwasema nchi, kama mtu aliyeumwa na jino; kwetu maji ni mai, kichwa ni kitwa. Mwandishi ni mtu wa Siyu, ataandika nchi kwa nini?"

Kariuki alicheka, mara ya kwanza kwa siku tatu. Bibi naye alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka aliko, tabasamu likafa.

Sasa walijua umbo la mistari. Tarehe kwa miezi ya Kiislamu. Jina la marehemu. Aliyemleta. Hali ya mwili. Aliyeingia kaburini. Mzee aliandika kwa uaminifu wa kutisha: huyu amekufa kwa uzazi, huyu ana kovu la moto, huyu alikonda mpaka maji ya kuoshea hayakupata pa kusimama.

Hadil alimuinamia Kariuki. "Iambie kompyuta itafute hivi. Mimu, ha, moja yoyote, alif, ra."

"Ni neno gani?"

"Ni jina."

Lilitokea mara tatu. Mara mbili Muhdhar alikuwa miongoni mwa walioingia kaburini, jambo la kila mtu. Mara ya tatu alikuwa mahali pa aliyeleta. Mstari wenyewe ulikuwa mrefu kuliko mistari yote, na Hadil, kwa zile herufi zake chache, alilitupia jicho fungu la karibu na mwisho. Ya, wau, nuni, sini.

Mkono wake ulikwenda kukizima kioo. Haukufika. Bibi alikuwa ameshaanza.

"Mfungo Sita, mwaka wa kumi na saba," Bi Mwanamkisi alisoma, kidole chake kikitambaa hewani. "Mgeni. Hana jina. Aliyemleta Muhdhar, asema amemuokota pwani ya Ndau, amekufa mai. Nimemuosha mimi pekee, Muhdhar yu mlangoni." Alipumua. "Naukumbuka msiba huo. Tulimpikia uji huyo mgeni, maskini, tukasema na yeye ana mamake mahali."

"Bi Mwanamkisi," Hadil alisema, "tupumzike."

"Mai hayamo kifuani. Kitwa, nyuma ya sikio la kuume, pana tundu mviringo, kadiri ya shilingi."

Kariuki alimtazama Hadil. Hadil hakumtazama.

"Mguu wa kushoto, kidole cha mwisho hakipo. Kovu ni la zamani."

Sauti ya bibi haikubadilika. Kidole tu ndicho kilichosimama hewani. Kutoka ng'ambo ya ua ilisikika sahani ya bati ikiwekwa sakafuni. Zaki alikuwa amemaliza kula.

"Nilikuwa nikipasua nazi," alisema taratibu, kama anayejibu swali. "Ana miaka sita. Aliweka mguu. Panga halina mato."

"Nitamalizia mimi mwenyewe, mama. Pole pole nitafika," Hadil alisema.

"Huwezi. Huna irabu." Akakirudisha kidole mahali pake, akasoma. "Nimemjua. Nimeapishwa kwa msahafu nisinene. Sikuapishwa nisiandike. Ni Yunusi, mwana wa dadangu. Ugomvi ni nti ya minazi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Kisha akaongeza, na haya hayakuwemo kwenye kioo: "Miaka ishirini na minane kila Idi amekula kwangu. Nikimuuliza, kaka, wadhani Yunusi yu hai? Akisema, omba dua."

Hadil aliandika. Mfungo Sita wa mwaka ule, elfu moja mia nne na kumi na saba ya Hijra, ulikuwa mwezi wa saba au wa nane, mwaka wa tisini na sita. Zaki alizaliwa mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Tundu moja, sikio moja, kadiri ileile ya shilingi, maiti wawili. Aliyempiga wa kwanza ndiye aliyempiga wa pili, na wa kwanza alipopigwa, Zaki alikuwa tumbo la miezi mitatu. Hakuna hakimu atakayelikunja hilo. Kelele za Zaki mlangoni pa msikiti hazikumpita mtu wa safu ya mbele. Na aliyeiba kibodi aliiba kwa kuwa alijua mzee anaandika nini, na alidhani herufi zinakaa kwenye vitufe.

"Chapa mstari huo nakala tatu," alimwambia Kariuki. "Halafu mwambie askari wa zamu afunge lango la nje. Asikimbie. Afunge kama anayefunga kila siku."

Walitoka uani. Jua lilikuwa juu ya kichwa, kuta zote nyeupe zikiumiza macho. Bwana Muhdhar aliinuka kwa adabu, kikapu mkononi.

"Tayari, Bi Mwanamkisi? Mai yaanza kukupwa. Tukichelewa hatutaingia Siyu mpaka usiku."

Bi Mwanamkisi alimwendea mpaka akasimama mbele yake, karibu kuliko mwanamke wa makamo yake anavyosimama na mwanamume asiye wake.

"Muhdhar, yule mgeni wa Ndau. Mumemlaza upande gani wa makaburi?"

"Mgeni yupi?" alisema Muhdhar. Lakini alikuwa ametazama lango kwanza, na lango lilikuwa limefungwa.

Hadil alikipokea kikapu kutoka mkononi mwake, akakiweka chini. "Bwana Muhdhar, ingia ndani. Na bakora hiyo nipe mimi." Ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia, na kichwa chake kilikuwa cha shaba, cha mviringo.

Askari wawili walimpitisha mlangoni. Bibi hakugeuka kumtazama. Alikuwa akiokota mkate wa mofa uliodondoka, akiupangusa mchanga kwa upindo wa buibui, akiurudisha kikapuni na wenziwe.

"Zaki atatoka lini?"

"Kesho, mbele ya hakimu. Nitasimama mwenyewe niseme."

"Basi leo tuma mtu Siyu, kwa mkwe wangu Ruba." Alikuwa ameketi tena benchini, mikono juu ya kikapu. "Alikuwa na miaka ishirini alipoachwa. Wameposa watatu, akawajibu wote kuwa yeye ni mke wa mtu. Mwambieni eda yake ya kufiwa imekwisha. Imekwisha siku ile aliyomzaa Zaki."